Mtoto Akiumwa na Mbwa, Usiishie kwenye Tohara



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila chenye roho, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, pamoja na aali zake na swahaba zake.

Ama baad. Mama zangu, dada zangu na nyote mnaousoma ukurasa huu pamoja na jamaa zenu, juma lililopita nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja anayeishi Umoja, Nairobi. Ni binti wa Mombasa aliyemfuata mumewe bara. Sauti yake ilikuwa ya haraka. Alisema hivi: “Sheikh, mwanangu wa miaka minane alikuwa anarudi kutoka chuoni baada ya Maghribi. Kapita nyuma ya vibanda vya nyama, mbwa kamuuma muundi. Nimemwosha mara saba, ya kwanza kwa mchanga, kama tulivyosomeshwa. Je, ametoharika? Na kanzu yake, nayo niioshe mara saba? Na kesho aende chuoni, au angoje?”

Niliusikiliza ujumbe ule mara mbili. Maswali yalikuwa matatu, yote ya mama mcha Mungu anayeijali dini yake. Lakini katika yote matatu, hamna hata moja lililouliza juu ya uhai wa mtoto. Sikujibu kwa maandishi. Nilimpigia simu.

“Mwanangu, mtoto yuko wapi sasa?”

“Amelala, sheikh.”

“Damu ilitoka?”

“Kidogo tu.”

“Na yule mbwa ni wa nani?”

“Hana mwenyewe, sheikh. Ni mbwa koko, kakimbilia jaani.”

“Hospitali mmekwenda?”

Akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Nilidhani ni jeraha dogo.”

Sikumlaumu, wala sitamlaumu hapa. Nilijilaumu mwenyewe na wenzangu tunaosomesha. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito na kwamba huoshwa mara saba, tukafunga kitabu. Hatukumfundisha kwamba mate yale yale huweza kubeba mauti. Kwa hivyo leo, kwa idhini yake, ninalijibu swali lake mbele yenu nyote, nikianza na lile ambalo hakuliuliza.

Kijana niliyemsomea

Kabla ya hapo, nina deni la kulipa. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana niliyetoka pwani kwenda kusomesha Majengo, Pumwani, niliitwa baada ya Isha nimsomee kijana mmoja hamali wa sokoni. Jamaa zake walisema ameingiwa na jini. Alikuwa na homa, macho yamemtoka, hatulii. Akiletewa kikombe cha maji, koo lake hukakamaa na mwili mzima hutetemeka kabla hayajafika mdomoni. Hata upepo wa mlango ukifunguliwa ulimshtua. Baadaye hutulia, akazungumza kwa akili zake timamu, akaomba radhi kwa usumbufu.

Nilimsomea. Nikasoma Ayatul Kursi na zile sura mbili za kujikinga, nikapuliza kwenye maji, na maji yenyewe ndiyo yaliyomzidishia taabu. Tukasema jini huyu ni mkali. Siku ya tatu kijana akafariki.

Kwenye matanga, mdogo wake akataja, kama mtu anayetaja jambo la kupita, kwamba miezi miwili kabla ya hapo kaka yake aliumwa na mbwa kwenye mguu alipokuwa akibeba mizigo alfajiri. Jeraha likapona, wakalisahau. Nami nikajua, kwa kuchelewa, kwamba haikuwa jini. Ilikuwa kichaa cha mbwa.

Ni kweli kwamba usiku ule nilioitwa, hakuna tabibu ambaye angemwokoa. Dalili zikishadhihiri, maradhi haya humaliza karibu kila anayeyapata, na hadi leo hayana dawa ya kuyaponya. Lakini siku aliyoumwa, na siku chache zilizofuata, mlango ulikuwa wazi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana yule hakuficha kitu, ila hakuna aliyemwambia kwamba jeraha lililofunga laweza kuwa na jambo ndani yake. Tangu siku ile simsomei mtu yeyote mwenye homa na mahangaiko kabla ya kuuliza: je, ameumwa au kukwaruzwa na mnyama katika miezi iliyopita? Nawausia masheikh wenzangu na walimu wa kike wanaosomea wagonjwa wafanye vivyo hivyo. Kisomo ni haki na dua ni silaha ya muumini, lakini si badala ya sindano. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza yule aliyeuliza juu ya ngamia wake amfunge kwanza, kisha ategemee kwa Mola wake.

Maradhi yenyewe

Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, au akilamba kidonda kilicho wazi, macho au mdomo, kirusi huingia mwilini, kikashika njia ya mishipa ya fahamu na kupanda taratibu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa juma moja, na yaweza kufika mwaka. Mtoto aliyeumwa usoni au shingoni yuko katika hatari ya haraka zaidi kuliko aliyeumwa mguuni, kwani njia ya kufika kichwani ni fupi. Muda huo wa safari ndio rehema ya Mwenyezi Mungu kwetu: chanjo ikitangulia kufika, kirusi hushindwa.

Ulimwenguni hukadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa maradhi haya, na wengi mno wao ni wa Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Kenya peke yake hukadiriwa kupoteza hadi watu 2,000 kwa mwaka. Na si jambo geni kwetu: mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa na maradhi haya nchini aliripotiwa viungani mwa Nairobi mwaka 1912, na binadamu wa kwanza aliripotiwa mwaka 1928, naye alikuwa mwanamke wa upande wa Ziwa Viktoria. Zaidi ya miaka mia moja tunaishi nayo, ilhali chanjo yake ya kwanza ilitumiwa kwa mtoto mmoja wa Ufaransa mwaka 1885, na Louis Pasteur, na mtoto yule akapona.

Wanavyuoni wetu wa tiba waliyajua pia. Ibn Sina aliandika juu ya kuumwa na mbwa mwenye kichaa katika Qanun yake karibu miaka elfu moja iliyopita. Basi asidhani mtu kwamba habari hii ni ya wageni na haituhusu.

La kufanya saa ile ile

Sasa, mama, mtoto akija na jeraha, au hata mkwaruzo wa mbwa, paka, tumbili au mnyama mwingine, fanya haya kwa utaratibu.

Kwanza, usimgombeze. Mtoto anayeogopa fimbo huficha, na anayeficha huenda akafa. Watoto wengi wa chuo wanajua kuwa wakisema “mbwa kanigusa” wataambiwa watoke nje ya msikiti. Wengine walikuwa wakimrushia mbwa mawe, wakaogopa kukiri. Mpokee kwanza, mafunzo yatafuata.

Pili, lioshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwani dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Kama mfereji umekauka, kama ilivyo desturi katika mitaa yetu mingi, tumia dumu na kopo, mmoja amimine na mwingine aoshe. Kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huyeyusha mafuta; ndiyo maana kipande cha sabuni ya kufulia chaweza kuwa dawa ya kwanza. Usitie mchanga, pilipili, majivu, mafuta ya taa wala majani yaliyotwangwa. Usilifunge jeraha kwa kulibana.

Tatu, nenda hospitali siku ile ile, hata ikiwa usiku, hata ikiwa damu ni tone moja. Waambie waziwazi: ameumwa na mbwa. Atapewa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa awamu. Ratiba iliyozoeleka huanza siku ya kwanza ya matibabu, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28 baada yake. Sindano hupigwa begani, na kwa watoto wadogo pajani. Zile hadithi za sindano nyingi za tumboni ni za zama za babu zetu, zimekwisha. Jeraha likiwa limetoa damu, muulize daktari pia juu ya ile dawa ya pili, imunoglobulini, inayodungwa ndani na pembezoni mwa jeraha lenyewe ili ilinde mwili wakati chanjo haijaanza kazi. Uliza na sindano ya pepopunda.

Nne, timiza awamu zote. Wengi huchomwa mbili, wakaona mtoto anacheza, wakaacha. Usimamishe ila kwa neno la daktari.

Tano, kama mbwa ana mwenyewe na anajulikana, afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, mate yake hayakuwa na kirusi siku aliyouma. Lakini usingoje siku 10 ndipo uende hospitali. Anza chanjo, daktari ndiye atakayeamua kuisimamisha. Na msimwue mbwa kwa hasira, kwani mbwa aliyeuawa na kutupwa hatuambii lolote.

Mama wa Umoja alifika kituo cha kwanza asubuhi iliyofuata, akaambiwa dawa imekwisha. Akarudi nyumbani akilia. Nilimsihi asikae. Kituo cha pili kilikuwa nayo. Leo ninapoandika, mtoto amekwisha kupata sindano mbili, na ya tatu ni kesho, inshallah. Funzo hapa ni kwamba “dawa imekwisha” si jibu la mwisho. Uliza kituo kingine kabla hujatoka mlangoni.

Dada wengi wataniuliza mambo mawili. Je, mjamzito au anayenyonyesha huchomwa? Ndiyo, chanjo hii ni salama kwake, na hatari iko katika kuiacha. Na je, sindano hufunguza saumu? Kwa kauli ya wanavyuoni wengi wa zama hizi, sindano ya tiba isiyo ya chakula haifunguzi. Basi pasiwe na mtu atakayeichelewesha hadi magharibi ya Ramadhani.

Na tohara je?

Sasa nirudi kwenye maswali ya mama. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa na mate au umajimaji wake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo linabaki kama lilivyo kwa vyombo na nguo. Kanzu ioshwe hivyo, na mtoto aende chuoni.

Ama jeraha, sheria yetu haikuja kumdhuru mtu. Mchanga hautiwi kwenye kidonda, kwani huingiza maradhi mengine, na dharura huondoa lile lenye madhara. Fauka ya hayo, ipo kauli ndani ya madhehebu yetu kwamba sabuni na mfano wake hushika nafasi ya udongo. Tazama hekima ya Mola: dakika 15 za sabuni na maji yanayotiririka hupita miosho saba na zaidi, na wakati huo huo hulisafisha jeraha na kirusi. Uliposhika amri ya daktari, umekwisha kushika na tohara.

Tena kumbukeni, najisi haihami baina ya vikavu viwili. Mbwa mkavu akipita na kukugusa nguo kavu, huna la kuosha. Na ndugu zetu Maliki wa Sudani na Maghribi wanasema mwili wa mbwa aliye hai ni tohara. Tusiwacheke, nao ni watu wa kibla.

Mbwa wa jaani ni amana ya nani?

Hapa ndipo penye ugumu, na najua baadhi yenu mtakunja uso. Tembea Eastlands alfajiri, kutoka Majengo hadi Kaloleni, Jericho, Buruburu, Kayole hata Dandora kwenye lile jaa kubwa. Utawaona makundi kwa makundi, mbavu nje, ngozi imeliwa na ukurutu, jike mmoja ananyonyesha chini ya gari bovu. Twasema: si wetu. Sisi hatufugi mbwa.

Lakini wanakula nini? Wanakula matumbo na mifupa inayotupwa nyuma ya machinjio na vibanda vya nyama. Kiamaiko, ambako mbuzi wa jiji huchinjwa, wachinjaji wengi ni Waislamu. Wanakula mabaki ya pilau ya harusi zetu yaliyomwagwa kando ya turubai. Taka zetu ndizo zinazowalisha na kuwazidisha. Wengine walinunuliwa wakiwa vitoto na majirani kulinda ploti, wakakua, wakachokwa, wakafukuzwa. Jike mmoja hubeba mimba kwa miezi miwili na kidogo tu, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, vitoto vingi kwa mara moja. Hesabu wenyewe.

Je, dini inatuambia nini juu yao? Mtume (s.a.w.) alisimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akanywa, akatoka akamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno, akapanda akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamghufiria. Katika riwaya nyingine aliyefanya hivyo alikuwa mwanamke mwenye madhambi mazito. Swahaba wakauliza kama kuna thawabu kwa wanyama pia, na wakajibiwa kwamba kila chenye uhai kina thawabu ndani yake. Angalieni: hakutaja farasi wala ngamia. Alimtaja mbwa. Na yule mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa ndani ya Qurani, akilinda mlango na miguu yake ameinyoosha.

Tofautisheni mambo mawili: najisi na uadui. Damu yetu wenyewe ni najisi, na hatuichukii mishipa yetu. Kumfuga mbwa ndani ya nyumba bila haja hatuhimizi, na hadithi za kukataza zinajulikana. Wa kuwinda, wa mifugo na wa mashamba wameruhusiwa, na wanavyuoni wakalinganisha nao wa ulinzi. Lakini kumtesa, kumwagia maji ya moto, kumfungia kopo mkiani, huko ni haramu. Imam an-Nawawi amemnukuu Imamul Haramayn al-Juwayni kwamba hukumu iliyothibiti ni kukatazwa kuwaua mbwa wasiodhuru. Anayeshambulia watu, huyo kuuawa kwake hakuna khitilafu. Naye Izzuddin ibn Abdissalam, mwanachuoni wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 1262, alieleza haki za mnyama kwa mwenye kumiliki: amlishe hata akizeeka au akiugua asiwe na faida tena. Hata sheria ya nchi, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, humshitaki mtesaji.

Sumu au chanjo?

Wapo wasemao: wauawe wote, tupumzike. Nimelisikia hata kwenye baraza za misikiti. Lakini tufikiri. Ukiua mbwa wa mtaa, jaa lile lile linabaki na chakula kile kile. Mbwa wa mtaa wa pili watahamia, na huenda ndio wenye maradhi. Wenye mbwa huwaficha wao, hata waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa, na sumu iliyotupwa huokotwa na paka, kuku na, Mungu apishe mbali, mtoto anayetambaa. Mwaka 1910 watawala wa Istanbul waliwakusanya maelfu ya mbwa wa mji, ambao wakazi Waislamu walikuwa wakiwalisha mitaani, wakawatupa kwenye kisiwa kikavu wafe kwa njaa na kiu. Waturuki wengi waliona haya kwa jambo lile. Na hadi leo mbwa wako Istanbul.

Njia iliyothibiti ni chanjo kwa mbwa wenyewe. Katika kila mbwa 100, wakichanjwa 70 kila mwaka, mnyororo wa maambukizi hukatika, kwani mbwa mgonjwa hakuti wa kumwambukiza. Ndiyo shabaha ya mpango wa taifa wa Kenya uliotolewa mwaka 2014, unaokusudia kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kwa watu ifikapo mwaka 2030. Miaka iliyosalia ni michache, na mbwa wengi wa Eastlands bado hawajaguswa na sindano.

Mfano wa karibu ni Pemba, kisiwa cha ndugu zetu, watu wake karibu wote Waislamu kama sisi. Maradhi yaliingia huko, watu wakaumwa, mbwa wakachanjwa, na mwaka 2014 yakakatika. Chanjo ikalegea, mwaka 2016 yakaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja upya, na mwaka 2018 yakakomeshwa mara ya pili. Pemba inatufunza mambo mawili: inawezekana, na haitoshi mara moja.

Ya kufanya mitaani kwetu

Sipendi kumaliza kwa maneno matupu. Naziomba nyumba zetu za Eastlands, na za pwani pia, mambo haya.

Kamati za misikiti ziandike barua kwa ofisi ya madaktari wa mifugo wa kaunti, ziombe siku ya chanjo mtaani. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, na mara nyingi chanjo hutolewa karibu na siku hiyo. Kipaza sauti cha msikiti kitangaze. Majirani zetu Wakristo ndio wenye mbwa wengi. Tuwaambie, tuwasaidie kuwaleta. Maradhi haya hayaulizi mtu dini yake.

Vyama vya kina mama vinavyochangiana harusi na mazishi viweke mfuko mdogo wa sindano. Mama muuza mahamri akiumiwa mtoto usiku, asianze kuhangaikia nauli na bei ya dawa. Sadaka ya namna hii huokoa roho waziwazi.

Wachinjaji na wauza nyama wafukie au wafunike mabaki. Mwenye mbwa jirani ashauriwe amfunge uzazi. Chama cha KSPCA, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1910, hufanya kazi ya kuokoa wanyama na kufunga uzazi, na hupokea habari za mbwa waliojeruhiwa au kuteswa.

Wafundisheni watoto: usimkimbie mbwa, simama kama mti, mikono mwilini, usimtazame machoni. Usimguse anayekula, anayelala wala mwenye vitoto. Mbwa anayetoka mapovu, anayepepesuka au anayeuma vitu ovyo, mwepuke na umwite mtu mzima. Watoto wa chuo watembee pamoja alfajiri na baada ya Isha. Na asirushe jiwe mtu.

Anayependa thawabu ya yule wa kisimani, aweke sahani kuukuu yenye maji nje ya lango wakati wa jua kali. Huhitaji kumgusa. Huna cha kuosha mara saba.

Nami nimebadilisha somo langu. Katika chuo changu, mlango wa najisi sasa una nyongeza: baada ya kusoma miosho saba, watoto hujibu kwa sauti moja nikiwauliza, “Na akikuuma?” Hujibu: “Sabuni dakika kumi na tano, mwambie mama, hospitali leo.” Ni nyongeza ya maneno machache. Laiti ningalikuwa nayo mwaka ule wa yule hamali. Mwenyezi Mungu amrehemu na atusamehe sisi tuliokuwa karibu naye bila ya kujua.

Ewe Mola wetu, wahifadhi watoto wetu majumbani na njiani, wape shifaa wagonjwa wetu, na utie nyoyoni mwetu huruma kwa kila ulichokiumba. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.